Mwenye Pikipiki

Mzee Mita alifungua leso yake juu ya meza ya fundi wa funguo, akatoa vipande viwili vya sabuni ya kufulia. Kila kipande kilikuwa na alama ya ufunguo, kimoja upande wake wa kulia, kingine upande wake wa kushoto, zimezama vizuri bila kubomoka kingo. Aliitazama kazi yake akaridhika nayo.

"Nichongee mmoja tu, fundi," akasema. "Wa pikipiki."

Fundi alikuwa anatafuna karanga. Akaacha. Aliitazama sabuni, akamtazama mzee, akairudia tena sabuni. Mafundi wa funguo wana mambo ambayo wamekubaliana bila kuandikiana, na la kwanza ni hili: anayekuja na ufunguo ni mteja, anayekuja na sabuni ni mwizi. Pale sokoni hata muuza maji analijua. Mzee Mita hakulijua, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kukaa karibu na mtu wa kumfundisha. Alikuwa msoma mita za maji mpaka alipostaafu, mtu wa kupiga hodi na kusubiri aitikiwe hata kama mlango uko wazi na wenyewe anawaona.

"Ufunguo wenyewe uko wapi, mzee?"

"Anao mkwe wangu."

"Na pikipiki?"

"Yuko nayo kazini."

"Kadi yake je?"

"Kadi imo chini ya kiti. Na kile kiti hakifunguki bila ufunguo."

Fundi akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha hata kidogo. "Kwa hiyo ufunguo huna, pikipiki huna, kadi huna. Una sabuni."

"Pikipiki ni yangu," akasema mzee.

Mtu atauliza kwa nini asiuombe tu ufunguo kwa mkwewe. Aliuomba. Aliuomba akaambiwa kesho nitachonga wa pili, Baba. Akauomba tena akaambiwa wiki hii imebana. Kuomba mara nyingine kungekuwa kubishana, na mtu na mkwewe hawabishani. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, hasa huyu ambaye alikuwa anakaa kwa baba wa mkewe na tayari hilo lilikuwa linamkaba kooni. Pikipiki aliazimwa ili apate pa kuanzia kazi. Akaanzia, akaendelea, na siku zilivyosonga akawa anatoka nayo asubuhi na kurudi nayo jioni, ufunguo umening'inia kiunoni, hata Jumapili.

Na Jumapili ndiyo iliyomuuma mzee. Upande wa pili wa mji alikuwa na rafiki, msoma mita mwenzake wa zamani, ambaye alipooza nusu ya mwili. Rafiki yule hakubali mtu mwingine yeyote amnyoe ndevu. Mwanawe akishika wembe anageuzia uso ukutani. Mzee Mita alikuwa anaenda kila Jumapili kumnyoa na kumsomea gazeti. Sasa ilikuwa imepita miezi hajaenda. Juzi rafiki yule alimpigia simu kumuuliza amemkosea nini.

Ndipo akakata shauri. Mkwewe alipoingia kuoga, ufunguo ukiwa mezani, mzee aliuchukua, akaukandamiza kwenye sabuni, akaufuta na kuurudisha ulipokuwa. Aliona amefanya jambo la adabu. Atapata wa kwake, mkwe hatasumbuliwa, na hakuna atakayetupiana maneno na mwenzake.

Haikuwa hivyo. Muuza viatu wa kibanda cha jirani alishasikia. "Sabuni?" akauliza, akasimama. "Ameleta sabuni?" Soko lile lilikuwa limeibiwa pikipiki siku za karibuni, na watu walikuwa na hasira ambazo hazijapata mwenyewe. Kufumba na kufumbua walikuwa wamemzunguka. Mkono mmoja ukamshika mkanda wa suruali kwa nyuma, pale wanaposhikwa wezi.

"Jamani, mimi ni mtu mzima," akasema.

"Wezi hawazeeki?" mmoja akamjibu, na watu wakacheka.

Fundi hakuwa mtu mbaya. "Asiguswe," akasema. "Amesema ana mkwe. Mkwe wako anafanya kazi wapi, mzee?"

"Kiwanda cha mikate."

"Twende huko. Na mwingine wa kukujua nani?"

Akawatajia binti yake, fundi cherehani, na namba yake ya simu aliyokuwa anaijua kwa kichwa. Mtu akampigia. Kisha wakaanza safari, mzee mbele, mkono ule nyuma ukimvuta suruali juu hata soksi zikawa nje. Alipitishwa kwenye mitaa ambayo aliwahi kuingia kila ua wake. Dirishani mwanamke mmoja akamuuliza mwenzake, "Yule si msoma mita?"

"Ndiye," mwenzake akasema. "Kumbe!"

Lile neno moja lilimwingia mzee kuliko mkono uliokuwa mgongoni. Alitembea ameinamisha kichwa, akawa anatazama vifuniko vya mita kando ya njia, na hakuna hata kimoja alichokitazama kwa kutaka.

*

Mkwewe alikuwa uani mwa kiwanda, anafunga kreti za mikate nyuma ya pikipiki kwa mpira. Aliwaona wanaingia getini akadhani kuna ajali. Nyuma yao binti alikuja mbio, futi ya kupimia bado shingoni, vumbi hadi magotini. Na kutoka ofisini akatoka msimamizi, kalamu sikioni, kwa sababu kelele getini kwake ni kazi yake.

Hapo lazima jambo moja lijulikane. Kiwanda kile hakimpi mtu njia ya mikate mpaka awe na pikipiki yake mwenyewe. Walishachoshwa na watu wa kuazima: mwenye chombo anakidai katikati ya wiki, mikate inalala. Mkwe alipoulizwa siku ya kwanza alisema anayo. Hakusema zaidi, na angeishia hapo pengine isingekuwa neno. Lakini uongo unaona upweke. Wakati wa chai aliwasimulia wenzake jinsi alivyoinunua, jinsi alivyobishana na muuzaji, jinsi mke wake alivyomwambia rangi nyekundu itachuja. Wenzake hao walikuwa hapo sasa, wamesimama na kreti mikononi.

"Ndugu," fundi wa funguo akamwambia, "unamfahamu mzee huyu?"

"Ni baba mkwe wangu. Mwachieni! Amefanya nini?"

"Amekuja kwangu na alama ya ufunguo kwenye sabuni. Anasema ni wa pikipiki yake, na pikipiki yenyewe unayo wewe. Tuambie basi. Hii pikipiki ni ya nani?"

Swali lilikuwa jepesi. Msimamizi naye akaona jepesi, akasogea asikie jibu lake. Mkwe akamtazama mke wake, akawatazama wenzake, akatazama kreti alizozifunga.

"Ni yangu," akasema.

Mkono uliomshika mzee mkanda ukakaza. Mkwe akaona, akashtuka, akatafuta haraka neno la kumwokoa, na alilolipata likawa baya kuliko la kwanza.

"Msameheni mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Siku hizi anasahau. Anaona vitu vya watu anadhani ni vyake." Akaligusa paji la uso wake kwa kidole. "Ni umri."

Papo hapo hasira ikawatoka watu. Wakamgeukia mzee kwa nyuso nyingine kabisa. Mzee hakuwatazama. Alimtazama binti yake.

Binti alikuwa ameshika futi kwa mikono miwili. Alijua pikipiki ilinunuliwa mwaka gani, na kwa kiinua mgongo cha nani. Alikuwepo ilipoletwa, ndiye aliyepanda wa kwanza nyuma ya baba yake. Neno moja lake lilitosha. Lakini neno lile lingemwaga unga wa mume wake mbele ya macho yake, na mume alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayezama. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba hakupata nafasi ya kusema. Aliipata. Ilikuwa nafasi ya mtu kufunga vifungo vya shati kuanzia cha chini hadi cha juu. Alinyamaza, akainamisha uso, na kila mtu pale akauchukulia ule ukimya kuwa huzuni ya mtoto kwa mzazi mgonjwa.

Mzee Mita akaelewa. Wale waliokuwa mbele yake ndio familia aliyobakiwa nayo.

"Eh," akasema polepole. "Kumbe ni yako, mwanangu. Nimechanganyikiwa."

Msimamizi bado alikuwa amekunja uso, hajaamini vizuri. Mzee akaona. Akatazama huku na huku, juu kwenye bomba la moshi, chini kwenye magunia, akauliza, "Hapa tuko wapi?"

"Masikini," mtu akasema.

Mkono ukauachia mkanda. Yule yule muuza viatu akamrekebishia shati, akalichomekea ndani ya suruali kama anavyovalishwa mtoto wa shule. Fundi akaomba radhi, si kwake, bali kwa binti yake na mkwewe. Msimamizi akampa mkate wa bure, akamwekea kwapani, akamwambia kwa sauti kubwa, neno moja moja: "Nenda. Nyumbani. Ukapumzike. Sawa, mzee?"

"Sawa," akasema Mzee Mita.

*

Jioni walikula bila kutazamana. Mkwe alianza mara moja, "Baba, leo pale..."

"Chumvi imekaa vizuri," mzee akamwambia binti yake, akanawa, akaingia chumbani kwake.

Mke na mume wakabaki na vyombo.

"Umemwita baba yangu mwendawazimu," mke akasema.

"Sikusema hivyo. Nilisema anasahau."

"Ulishika kichwa."

"Walikuwa wamemkaba! Ulitaka niseme nini?"

"Useme ni yake."

"Ungesema wewe," mume akamjibu. "Una mdomo."

Hilo lilimpata barabara. Alikusanya sahani zote kwa mara moja, akaona hazibebeki, akazirudisha chini. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Kwa nini hukuchonga huo ufunguo tangu mwanzo? Kitu cha dakika."

Mume alivuta kiti akaketi. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, na usiku ule alionekana ameazima hata kiti. "Niliona haya," akasema. "Nikimpa wa pili, kila asubuhi nitakuwa namwona nao. Nitajua natoka na kitu cha mtu. Kukiwa na mmoja tu, na mimi ndiye ninao, nilikuwa nasahau. Nikifika kazini nilikuwa nasahau kabisa."

Mke alijua maana yake. Hata yeye, mumewe anapomchukua kazini jioni, amewahi kukaa nyuma ya ile pikipiki mbele ya wateja wake na kuwaacha waseme wanavyopenda.

*

Habari ilifika mtaani kabla hata mkate wa bure haujaisha. Iliingia kwa sura ya huruma, na huruma haina mlango wa kuizuia. Muuza duka alimpa Mzee Mita alichonunua lakini chenji akasema atampelekea binti. Majirani waliomwamkia zamani kwa utani wa mita, "Leo nadaiwa lita ngapi?", sasa walimwamkia kwa kupaza sauti, wakitaja majina yao kwanza ili asihangaike kuwakumbuka. Muuza mkaa wa pale kona, mwanamke mwenye moyo mwema, alimweleza binti dawa, akamshauri amshonee namba ya simu ndani ya kola. Binti alisema atafikiria. Mzee mwenyewe hakumsahihisha mtu. Angeanzia wapi? Angesema hana maradhi, wangemuuliza basi siku ile ilikuwa nini, na siku ile ilikuwa aibu ya watoto wake.

Kilichomshinda mkwe kuvumilia kilikuwa kidogo. Alirudi jioni moja akamkuta baba mkwe amekaa uani, na mwanamke wa mlango wa pili ameinama mbele yake anamfunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefunguka kidogo tu. Mzee alikuwa ameacha mguu wake mbele, kwa upole, anatazama pembeni.

Kesho yake mkwe alikwenda na pikipiki hadi kwa fundi wa funguo.

"Nichongee wa pili."

"Vizuri," akasema fundi, akaupokea ufunguo, akauweka kwenye mashine. "Wewe nakujua, kwako sina maswali. Pikipiki yako mwenyewe."

"Si yangu," akasema mkwe.

Fundi akaizima mashine.

"Ni ya yule mzee. Ilikuwa yake siku zote. Hasahau chochote, haumwi. Nilisema vile kwa sababu ya kazi."

Fundi alimtazama kwa macho ambayo mtu mwingine angeyamalizia kwa kofi. Kisha akawasha mashine na kuchonga. Hakumtukana. Alipomaliza hakumpa ufunguo mkononi. Aliuweka mezani, akageukia karanga zake, na mkwe akauokota mwenyewe. Alitoka pale masikio yanamwaka moto. Kiwandani hakwenda kusema lolote. Ujasiri aliokuwa nao ulitosha mtu mmoja, ukaishia hapo.

Nyumbani aliupeleka ule ufunguo kwa mikono miwili, amepiga goti moja.

"Baba, huu ni wako. Nimekukosea. Sijui nianzie wapi."

Mzee aliugeuza, akapitisha kidole kwenye meno yake mapya. "Jumapili unatoka na pikipiki?" akauliza.

"Jumapili ni yako, Baba. Siku yoyote ukiitaka ni yako."

"Basi Jumapili," akasema mzee, na uso wake ukanyooka, ukawa kama wa zamani. Binti aliyekuwa anasikiliza mlangoni aliingia ndani akalia, maana aliona jambo limekwisha.

*

Jumapili Mzee Mita alivaa shati safi, akatia wembe mpya na gazeti kwenye mfuko, akaitoa pikipiki uani. Iliwaka mara moja. Binti yake alimfungulia geti, akasimama akimwangalia anavyoondoka taratibu, mgongo umenyooka, miguu imekaa pale ilipokuwa inakaa miaka yote.

Hakufika mbali. Pale kona muuza mkaa alimwona, akatupa chini pishi yake ya kupimia mkaa. "Jamani! Mzee Mita anaondoka na pikipiki! Mshikeni, ataumia!"

Watu wakatoka kama walivyokuwa wamevaa, mmoja na mswaki mdomoni. Wawili wakashika usukani huku na huku, mwingine akashika keria ya nyuma.

"Niacheni," mzee akasema. "Naenda kumnyoa rafiki yangu."

"Ndiyo, ndiyo, mzee, utamnyoa," wakamwambia. "Shuka kwanza." Na muuza mkaa akanyoosha mkono wake mweusi wa mkaa, akauchomoa ufunguo.

Wakamrudisha. Mmoja aliisukuma pikipiki, mwingine alimshika mzee mkono. Safari hii hawakumshika mkanda, walimshika mkono, vidole ndani ya vidole, na mzee akaona bora mkanda.

Binti alikuwa bado getini. Muuza mkaa akambonyezea ufunguo kiganjani. "Ufiche, mwanangu. Huu ameupata wapi? Mtakuja kumwokota barabarani."

Binti akautazama ule ufunguo, umechafuka mkaa. Akautazama umati. Akasema kwa sauti ambayo ilisikika hadi nyumba ya pili na ya tatu:

"Pikipiki ni ya baba yangu! Hana ugonjwa. Mume wangu alisema uongo kiwandani, na mimi nikanyamaza. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Mnasikia? Akili zake ni nzima kuliko zetu sote."

Mkwe alitoka mlangoni na fulana, akasimama kando ya mke wake. "Ni kweli," akasema. "Ni mimi nilisema uongo."

Hakuna aliyeshtuka. Walitazamana tu. Muuza mkaa macho yalimjaa machozi, akamkumbatia binti na mkaa wake wote.

"Tunajua, mwanangu. Hata mimi mama yangu alipoanza, nilikataa hivi hivi. Niligombana na mtaa mzima."

"Sikatai kitu! Nawaambia ukweli!"

"Sawa. Sawa, usilie."

"Muulizeni basi!" binti akapiga kelele. "Muulizeni chochote! Mnaye hapo, muulizeni!"

Mzee alitaka kumwambia aache. Maneno aliyoyasubiri tangu siku ile kiwandani yalikuwa yamesemwa, yote, mbele ya watu, na aliyaona yanavyodondoka chini bila kuokotwa na mtu. Lakini muuza mkaa alishamgeukia. Alikunja magoti kidogo ili macho yao yawe sawa, akatabasamu, na nyuma yake pale getini watu wakanyamaza ili wasimchanganye.

"Mzee wangu," akamuuliza taratibu, "leo ni siku gani?"

Binti yake alikuwa anamtazama. Mkwe wake alikuwa anatazama chini. Majirani wote walikuwa wanamtazama, wengine wametangulia kutikisa kichwa kumtia moyo.

"Jumapili," akasema Mzee Mita.

Wakampigia makofi.